Wa Kushoto Hutangulia

Rusayl, saa nane usiku. Nje mabati ya bohari
bado yanarudisha joto la mchana.
Humu ndani ni digrii ishirini na mbili
na nimevaa sweta la Rahma, wa zamu ya asubuhi.

Pampu inanong'ona. Inasukuma methanoli na maji
ndani ya mrija wa chuma, urefu wa shubiri na vidole viwili,
uliojazwa unga laini kuliko wa visheti,
na kila chembe ya unga imepakwa kitu chenye mkono.

Ndiyo, mkono. Sikutanii.
Dawa hii ya tezi ina pacha wake:
uzito mmoja, joto moja la kuyeyuka,
mizani haiwatambui, moto hauwatambui.
Kwenye karatasi ni mtu na kioo chake.
Lakini jaribu kuvaa glavu ya kushoto mkono wa kulia
uone dole gumba linavyotafuta mlango.

Wa kushoto anatibu.
Wa kulia anaujia moyo na kuukimbiza.

Ukiwapitisha mrijani, unga unawapa mkono wote wawili.
Wa kushoto anashikwa kidogo, anaponyoka.
Wa kulia anashikwa barabara, anacheleweshwa
kama mgeni aliyenaswa mlangoni na mwenyeji:
wapi, hujaonja halwa, hujanywa kahawa.
Dakika ya tisa, wa kwanza. Ya kumi na tatu, wa pili.
Baina yao bonde lazima liguse chini.
Bonde likining'inia, hujatenganisha kitu, umekisia.

Mimi ni wa kushoto.
Mama aliufunga mkono ule kwa pindo la kanga
akauinua mwingine: "Huu ndio wa kulia."
Nilikuwa na miaka mitano. Nikadhani ni wa kulilia,
basi nikaulilia.
Leo naandika kwa huo, natia saini kwa huo.
Pipeti tu naishika kwa kushoto,
na Bwana Ghassani akiniona
husoma kalenda ukutani.

Chupa thelathini kwenye sinia.
Ishirini na tisa zina namba za shehena kutoka Sohar.
Ya thelathini nimeiandika kwa penseli: Z.
Zuweina. Kidonge cha mama,
nilichokiiba mezani kwake Ijumaa, baada ya wali.
Wiki ya tatu sasa anasema moyo unamwenda mbio;
analaumu kahawa, analaumu jicho la jirani.
Kosa hili lina adhabu yake, ukurasa wa kumi na moja wa kanuni.
Najua. Niliupiga chapa mimi.

Dakika ya tisa: mlima, mwembamba, mrefu.
Kumi. Kumi na moja. Mstari unatambaa
kama mtu aliyevua viatu asiamshe watoto.
Kumi na tatu:
kichuguu.

Napima eneo lake. Narudia.
Napandisha mstari wa chini, naushusha,
naushuku mpaka mkono wangu.
Sehemu mbili katika elfu. Kikomo chetu ni kumi.
Kidonge ni safi.

Nilitaka kiwe kibovu.
Naweza kulisema hapa, pampu haina mdomo.
Dawa mbovu hurudishwa bandarini na waraka, mihuri miwili.
Moyo wa mama nitaurudisha kwa nani,
na waraka gani?

Alfajiri, Mawaleh. Yuko jikoni, hajatia kitu mdomoni,
ndivyo dawa inavyotaka.
Nanyosha kiganja. Anautazama mkono kwanza,
mazoea ya miaka arubaini,
kidonge baadaye.
Nabadilisha.
"Ehe," anasema. "Hivyo."

Nampa wa kushoto kwa mkono wa kulia.
Anameza, anafuta midomo kwa ncha ya mtandio,
ananiuliza mbona macho mekundu.
Shingoni mwake mshipa unaruka.
Nautazama, na saa ya ukutani,
na ninahesabu.